Roboti ya mtoto ielekezwe kwa Kiswahili kisichomchanganya

Ndugu Mhariri,

Kila linapozuka suala la kuwafundisha watoto wadogo kuandika programu, mazungumzo hukimbilia bei ya kompyuta na shule zisizo na umeme. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie jambo linalotangulia hayo yote na lisilogharimu hata senti: maneno ambayo mtoto anafundishwa kuielekezea mashine. Sisi ni walimu wa madarasa ya awali, la kwanza na la pili. Tunayoyaona sakafuni yanatuonyesha kwamba makosa mengi ambayo watu wazima huyaita “mtoto hajaielewa teknolojia” yamezaliwa na amri iliyotamkwa vibaya kabla mashine haijawashwa.

Roboti tunayoizungumzia si ile ya kwenye sinema. Ni kidude cha magurudumu kinachoshikika kwa mkono mmoja, chenye vitufe mgongoni. Inayojulikana zaidi mashuleni ni Bee-Bot ya Uingereza, yenye umbo la nyuki. Ina vitufe saba: cha kwenda mbele, cha kwenda nyuma, viwili vya kugeuka, cha kusubiri, cha kufuta na cha kuanza. Amri moja ya mbele huisogeza sentimita 15. Amri moja ya kugeuka huizungusha nyuzi 90 papo hapo ilipo. Matoleo yake ya zamani hukumbuka amri 40. Haina skrini na haimdai mtoto kusoma, kwa hiyo hata mtoto ambaye bado anahangaika na KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) anaweza kuitumia.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Mwaka 1967 huko Marekani, Seymour Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Afrika Kusini, pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, walitengeneza Logo, lugha ya programu iliyokusudiwa watoto. Baadaye ikapata roboti ya sakafuni iliyoitwa kobe, iliyochora mistari kwa kalamu kila ilikopita. Papert alisisitiza kwamba mtoto akikwama asimame, awe kobe yeye mwenyewe, aitembee njia kwa miguu yake. Sehemu hiyo ya kutembea ndiyo shule nyingi huiruka, zikakimbilia kununua kidude.

Tuanze na neno linaloleta taabu kuliko yote, yaani kulia. Mwambie dereva wa bodaboda “kata kulia”, naye atapinda kona na kuendelea na safari. Hakuna anayetarajia ageuze usukani kisha asimame katikati ya njia panda. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, “kata kulia” na “pinda kulia” ni mambo mawili ndani ya neno moja: kugeuka na kwenda. Kwa roboti ni jambo moja tu. Inageuza uso, inabaki katika mraba uleule.

Chukua mkeka wenye miraba. Nyumba iko kwenye kona, soko liko miraba mitatu mbele kisha miwili upande wa kulia. Mtoto wa miaka sita atapanga hivi: mbele, mbele, mbele, kulia, kulia. Kwa masikio yake hakuna kilichokosewa. Anabonyeza anza. Roboti inakwenda miraba mitatu, inageuka, inageuka tena, halafu inasimama ikitazama ilikotoka. Mtoto anaiangalia, anamwangalia mwalimu, anasema imeharibika. Haijaharibika. Imetii neno kwa neno. Programu inayofika sokoni ina amri sita: mbele, mbele, mbele, geuka kulia, mbele, mbele. Ile “geuka” ndiyo iliyokosekana kichwani mwa mtoto, na imekosekana kwa sababu mwalimu hakuisema. Kwa hiyo neno kulia lisitamkwe peke yake hata mara moja. Iwe “geuka kulia” tangu siku ya kwanza, na mwalimu ajichunge asiteleze akasema “kata” au “pinda”.

Neno la pili ni rudi. Mtoto akitumwa dukani na kuambiwa “haya, rudi”, anageuka na kuja nyumbani uso ukiwa mbele. Kitufe cha nyuma hakifanyi hivyo. Kinaivuta roboti nyuma huku uso wake ukibaki ulikokuwa. Watoto walioambiwa kwamba kitufe kile ni “rudi” hukibonyeza mara moja wakitegemea roboti itafunga safari nzima ya kurudi. Kiswahili kina neno linalosema kitu hicho barabara: kinyumenyume. Watoto wanalijua na wanapenda kulitenda. Litumike hilo.

Kisha kuna mkono wenyewe. Hapa lugha yetu inasaidia, maana mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, na mtoto akisita unamuuliza anamegea ugali kwa mkono upi. Msaada huo unakatika pale roboti inapogeuka kumtazama mtoto. Sasa kulia kwake kuko upande wa kushoto wa mtoto, na mtoto anatoa amri kwa mwili wake mwenyewe. Tunafunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa kila mtoto, na tunabandika kipande cha utepe mwekundu ubavuni mwa roboti upande huohuo. Uzi unawasaidia pia wanaotumia shoto, bila kuwasema. Akichanganyikiwa, mtoto anainuka, anasimama nyuma ya roboti na kutazama inakotazama. Jambo jingine dogo linalosaidia sana: katika wiki za mwanzo kikundi kizima kikae upande mmoja wa mkeka, ule wa kuanzia. Watoto wakiuzunguka mkeka pande zote nne, kila mmoja ana kulia yake na ubishi hauishi.

Kuhesabu nako kuna mtego wake. Mtoto huweka kidole kwenye mraba ambao roboti imesimama na kuuhesabu “moja”. Soko lililo hatua tatu mbele linakuwa la nne, na roboti inalipita kwa mraba mmoja. Anayecheza bao hatatizwi na hili. Ukishateka kete kutoka shimo moja, unaanza kuzisambaza kwenye shimo linalofuata, na lile uliloteka halihesabiwi. Palipo na bao au hata mashimo yaliyochimbwa mchangani, dakika kumi za kusambaza kete zinatosha kulielezea hili kuliko maneno ya mwalimu. Tunahesabu hatua, hatuhesabu miraba.

Tunaanza somo uani. Chora kwa chaki kwenye saruji, au kwa jivu kwenye mchanga, miraba mitano kwa mitano, kila mmoja sentimita 50. Uwanja mzima unakuwa mita mbili na nusu kila upande. Mtoto mmoja anakuwa roboti, wengine wanaelekeza. Sharti ni kwamba roboti hutenda kile tu kilichosemwa, hata kama kinampeleka ukutani, na amri asiyoijua inamfanya asimame. Mwalimu awe roboti wa kwanza. Watoto watamwambia “nenda kule”, naye asitikisike. Watamwambia “nenda kwenye ule mti”, bado asitikisike. Ndani ya dakika chache wanagundua wenyewe kwamba lazima waseme ngapi na upande gani.

Katika siku za mwanzo amri hutolewa moja moja, na kila moja hutendwa palepale. Watoto wengi wanaishia hapo na walimu wengi wanaridhika, lakini huko bado ni kuendesha. Programu inaanza pale amri zote zinapopangwa kabla roboti haijainua mguu, na aliyezipanga akanyamaza mpaka safari iishe. Basi kuanzia wiki ya pili watoto wapange kwanza, mmoja asome orodha, roboti atembee, na hairuhusiwi kumpigia kelele za “hapana, huku!” katikati ya njia. Kunyamaza huko ni kugumu kwa mtoto wa miaka mitano. Ndiko kunakomlazimisha kuiona njia kichwani.

Orodha hiyo inahitaji kadi. Kata maboksi matupu ya sabuni au biskuti vipande vya sentimita 8 kwa 8. Kikundi cha watoto wanne kinatosheka na kadi 21: kumi za mbele, nne za geuka kulia, nne za geuka kushoto, mbili za kinyumenyume na moja ya anza. Kadi ya kugeuka ichorwe mshale uliopinda kama kishikio cha kikombe. Usichore mshale ulionyooka kuelekea pembeni, kwa kuwa huo unamwambia mtoto “hamia mraba wa pembeni”, na umelirudisha kosa la kwanza kwa mlango wa nyuma. Kisha kata kidogo pembe ya juu kulia ya kila kadi. Bila alama hiyo, kadi ya mbele ikiwekwa juu chini inakuwa kinyumenyume, na kikundi kizima kitatafuta kosa ambalo halimo kwenye fikra zao, limo kwenye mkono wa aliyepanga kadi.

Wadogo zaidi hupenda kuzilaza kadi juu ya mkeka wenyewe, kila kadi kwenye mraba wake. Waacheni kwa wiki moja hivi. Watajikwaa wenyewe kwenye kona, maana mraba wa kona unadai kadi mbili, ya kugeuka na ya kuendelea, na hapo ndipo inapoeleweka kwa nini kadi zipangwe mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia kama maneno ya kitabuni. Kabla mashine haijaletwa, kizibo cha soda chenye alama ya uso upande mmoja kinatosha kuwa roboti. Kinasukumwa kwa kidole, kadi moja hatua moja.

Mashine inapofika, mkeka wake uwe na miraba ya sentimita 15. Sita kwa minne inakuwa sentimita 90 kwa 60, na turubai au manila iliyobandikwa kwenye boksi inafaa. Vigae vya sakafu vya sentimita 30 vinaweza kutumika, ilimradi watoto waambiwe kwamba kigae kimoja ni hatua mbili. Vya sentimita 40 haviingiliani na hatua yake, msijisumbue navyo. Mkeka wa ukindu haufai, magurudumu hukwama kwenye misuko. Mchanga ni adui, na nywele au nyuzi hujizungusha kwenye ekseli, kwa hiyo kila Ijumaa igeuzwe chali na kusafishwa kwa mswaki mkavu. Betri ikichoka, roboti huanza kugeuka pungufu ya robo mzunguko, na mtoto atalaumu kadi zake bure. Mwalimu aijaribu kila asubuhi kwa kugeuka kulia mara nne. Ikirudi kutazama palepale ilipoanzia, ni nzima.

Kabla ya kila safari watoto watamke kwa sauti mambo matano: futa, weka, nyoosha, ingiza, anza. Kufuta ndiko kunakosahaulika kuliko yote. Roboti hizi hazisahau zenyewe. Amri mpya huungwa mwishoni mwa zile za zamani, ndiyo maana mtoto aliyepanga safari ya shuleni anaiona roboti ikienda kwanza sokoni. Kunyoosha nako si ushamba. Ikiwekwa ikiwa imepotoka nyuzi 5 tu, baada ya miraba sita itakuwa imeacha njia kwa karibu sentimita 8, yaani nusu ya mraba. Isisukumwe kwa mkono ikiwa inatembea, maana gia za ndani ni za plastiki laini na hukatika meno.

Sasa tufike pale ambapo kazi yenyewe ilipo. Roboti imepotea njia. Mwalimu mwenye haraka anainama, anatoa kadi mbovu, anaweka nyingine, roboti inafika, watoto wanapiga makofi. Wameona mchezo wa mwalimu. Mtoto mwenye haraka naye anazifagia kadi zote na kuanza upya, na hilo ndilo kosa tunaloliona kila wiki kuliko mengine. Akianza upya hajajua nini kilikuwa kibaya, atakirudia.

Tunafanya hivi. Roboti iachwe imalize, hata kama imetoka nje ya mkeka. Irudishwe mwanzo. Mtoto mmoja anagusa kadi ya kwanza na kuisoma, mwenzake anasogeza kizibo hatua moja, wa tatu anasema “ndipo” au “sipo”. Wanakwenda kadi kwa kadi. Wakifika kwenye “sipo” ya kwanza wanasimama hapohapo, hawaendelei mbele, kwa kuwa yaliyo baada ya hapo huenda ni sawa ila yameharibiwa na lililotangulia. Wanabadilisha kadi moja tu, au wanaongeza moja tu, halafu wanajaribu tena. Ukibadilisha mbili na roboti ikafika, hujui ipi iliyoponya. Mtoto wa nne anachora alama kwenye karatasi kila jaribio. Majaribio matatu au manne kwa safari ya amri nane ni ya kawaida, na sifa apewe aliyeiona kadi mbovu kabla ya yule aliyefika mara ya kwanza. Mtoto aliyefika mara ya kwanza apewe njia ndefu zaidi, kwani hajapata nafasi ya kutafuta kosa.

Kwa darasa la watoto 60 na mashine moja, hesabu yake inawezekana. Ni vikundi 15. Kila kikundi kikipewa dakika tatu za mashine, vikundi saba au vinane vinapita kwa siku moja katika kipindi cha dakika 25, na vingine vinakuwa na kadi na vizibo. Kikundi kifike kwenye mashine kadi zikiwa zimeshapangwa. Asiye na mpango hagusi vitufe.

Wapo watakaosema mashine ya Uingereza ni ghali. Ni kweli, na shule isiyo nayo isijione imenyimwa somo, kwa sababu uani na kwenye kadi ndiko sehemu kubwa ya somo ilipo. Lakini fundi wa vifaa vya elektroniki au mwanafunzi wa chuo cha ufundi anaweza kuunda ya kwetu. Ushauri wetu kwake ni mmoja: aachane na mota za kawaida za manjano zinazouzwa kwa ajili ya vigari vya kuchezea. Mbili hazizunguki kamwe kwa kasi sawa, roboti huvuta upande, na mtoto hawezi kutofautisha kosa lake na la mota. Atumie mota za hatua, yaani zinazozunguka kwa vipande vidogo vinavyohesabika, aina ya 28BYJ-48, mbili, kila moja na bodi yake ndogo ya kuiendesha ya ULN2003, na bodi ya Arduino, kompyuta ndogo ya kuziamuru. Mota hiyo huchukua takribani hatua 2048 ndogo za mota kwa mzunguko mmoja. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 6.5 lina mzingo wa karibu sentimita 20.4, basi sentimita 15 ni hatua kama 1504. Magurudumu yakiachana sentimita 10, kugeuka robo mzunguko ni hatua kama 788 kwa kila gurudumu, moja likienda mbele na jingine nyuma. Itatembea polepole, sekunde tatu hivi kwa mraba, na hiyo ni faida: watoto wanapata muda wa kusoma kadi huku ikitembea. Betri zikiwa dhaifu mota hutetemeka bila kuzunguka. Na programu ya fundi isisahau kitufe cha kufuta.

Kenya iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari mwaka 2022. Hapa Tanzania mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024. Wakati wa kukubaliana maneno ni sasa, kabla kila mchapishaji hajaja na yake. Ombi letu kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa kushirikiana na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), ni kwamba mwongozo wowote wa mwalimu wa awali utakaogusa jambo hili uwe na amri saba zilezile nchi nzima: mbele, kinyumenyume, geuka kulia, geuka kushoto, subiri, futa, anza. Shule zinazofundisha kwa Kiingereza nazo zingefanya vyema kuanza na maneno haya. Mtoto wa miaka mitano anayetafsiri kwanza ndipo afikirie njia anabeba mizigo miwili kwa safari moja.

Na hiyo ya mwisho iwe “anza” kweli. Tumeona kadi zilizoandikwa NENDA mahali pake. Mtoto anailaza mwishoni mwa mstari wake, anaisoma kama hatua moja zaidi ya mbele, kisha anakaa kusubiri roboti iingie kwenye mraba ambao hakuipeleka.

Wako,
Walimu wa madarasa ya awali, la kwanza na la pili,
Tanga